Mlango wa Vienna

KASSIM: Tumerudi hewani. Dada Zuhura katoka safari, na leo nina neno naye. Dada, mtu anapanda ndege anavuka bahari, anakwenda kutazama mlango?

ZUHURA: (anacheka) Si mlango hivi hivi, Kassim. Uko Vienna, Austria, mtaa wa Schreyvogelgasse, nambari 8. Hapo ndipo mwigizaji Orson Welles anapochomoza katika filamu ya The Third Man ya 1949. Paka yuko miguuni pake, taa ya dirishani inawaka ghafla, uso huo, anatabasamu! Sekunde chache tu, lakini zilinipiga nikiwa binti mdogo.

KASSIM: Ukafika.

ZUHURA: Nikafika saa sita mchana. Jua la utosi, kivuli hata cha dawa hakuna. Nimesimama natafuta giza langu, mara mama mmoja, mifuko ya sokoni mikono yote miwili, ananisemesha Kijerumani. Nikadhani ananisalimu, nikamwitikia kwa tabasamu. Kumbe nimemzibia njia.

KASSIM: Nyumba za watu hizo!

ZUHURA: Ndiyo, na watu wamo. Halafu ule usiku wenyewe ulitengenezwa, bwana. Barabara zilimwagiwa maji ili mawe yang'ae taa zikipiga. Mpiga picha Robert Krasker akapata Oscar. Hata ile mitaro ya majitaka anamokimbizwa, sehemu yake ni ya studio, Uingereza. Welles hakuwa na hamu ya kushinda kwenye uvundo.

KASSIM: Na filamu ya Casablanca je? 1942, Moroko nzima imejengwa studio huko California.

ZUHURA: Tena sikia kichekesho: mwaka 2004 Mmarekani mmoja aliyekuwa mwanadiplomasia akafungua Rick's Café, jina la mkahawa wa kwenye filamu hiyo, safari hii mjini Casablanca kwenyewe. Mkahawa ulioiga mkahawa ambao haukuwahi kuwepo.

KASSIM: Basi hapo ndipo mnaponichosha. Na madhara je? Maya Bay, Thailand: filamu ya The Beach iliyopigwa hapo ilipotoka mwaka 2000, watu wakamiminika mpaka matumbawe yakaharibika. Ghuba ikafungwa 2018, ikaja kufunguliwa 2022.

ZUHURA: Hapo sina utetezi. Mimi pia ni mmoja wa hao wanaomiminika, tofauti ni kwamba mlango hauna matumbawe.

KASSIM: Haya, ulipata nini hasa ambacho kochi lako lisingekupa?

ZUHURA: Gurudumu. Lile kubwa la kupanda watu, kwenye bustani ya Prater huko huko Vienna, la tangu 1897, anapopanda Welles na rafiki yake. Miaka yote nilikuwa namtazama yeye tu, maneno yake, macho yake. Nilipopanda mimi, Welles hayupo, ikabidi nitazame gurudumu. Nikaona vibanda vimeachana mno, pengo kubwa kati ya kimoja na kingine. Kumbe vilikuwa 30. Likaungua wakati wa vita, na lilipojengwa upya vikarudishwa 15.

KASSIM: Eh!

ZUHURA: Na filamu yote ni ya mji uliotoka vitani. Nusu ya vibanda haipo, mimi nimekodolea macho koti la Welles. Usiku ule hotelini niliitazama upya, nikaishia kutazama kuta zilizobomoka nyuma yake. Sikumbuki alisema nini.

KASSIM: Na mlangoni, picha ulipiga?

ZUHURA: Nilipiga. Imetoka mfuko mmoja na kisigino cha yule mama, anaingia.