Idara ya Kuvuka

Kaeni, tuanze. Mwaliko unasema nitazungumzia "kufundisha na utafiti katika Idara ya Sayansi za Biomedikali ya chuo cha tiba ya mifugo." Hiyo "na" imekaa hapo kama uzio. Utadhani anayefundisha asubuhi na anayetafiti jioni ni watu wawili wasiosalimiana. Nimelisema hili vikaoni mpaka nimechosha watu. Leo nawachosha ninyi.

Huko koridoni mnatuita idara ya kuvuka. Anatomia, fiziolojia, baiokemia, famakolojia: unakariri, unafaulu, unasahau, kisha unakwenda kliniki kuwa daktari kweli. Na kila mwaka, nikiwa katikati ya somo la kuganda kwa damu, mkono unanyooshwa: "Mwalimu, hili litatoka kwenye mtihani?"

Basi sikilizeni habari ya majani makavu. Miaka ya 1920, Kanada na kaskazini mwa Marekani, ng'ombe walikuwa wanakufa kwa kuvuja damu. Unamkata pembe, damu haikatiki. Unamhasi, vilevile. Wengine walivujia ndani, ngozini hakuna hata mkwaruzo. Frank Schofield, mwanapatholojia wa chuo cha mifugo cha Ontario, alitazama walichokula: klova, majani ya malisho, iliyoota ukungu. Akaichambua bua kwa bua, nzima huku, mbovu kule, akawalisha sungura. Waliokula mbovu wakavuja damu. Vifaa vyake vikubwa vilikuwa macho, vidole na subira.

Mwaka 1933, Wisconsin, Marekani, mkulima alimpelekea mwanakemia Karl Link mzoga wa mtamba na kopo la maziwa lenye damu. Hebu litazameni kopo hilo. Damu ile ilipaswa kuwa bonge. Link na wenzake wakiliinamisha, inacheza kama maji. Iliwachukua miaka sita kuipata kemikali yenyewe, dikumaroli, ambayo ukungu huitengeneza kutokana na kumarini, ile ile inayoyapa majani makavu harufu yake nzuri. Ndugu yake, warfarini, ikauzwa kama sumu ya panya mwaka 1948, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kuwa dawa ya binadamu. Chanzo ni ng'ombe waliokula majani mabovu!

Sasa twende huko kliniki mnakokukimbilia. Mbwa analetwa, fizi nyeupe, anahema. Alikula sumu ya panya siku nne zilizopita na hadi jana alikuwa anacheza. Kwa nini kachelewa kuugua? Kwa sababu sumu haigusi vigandishi vilivyomo tayari kwenye damu. Inazuia vitamini K isitumike tena, ini likashindwa kuunda vipya. Akiba ikiisha, anavuja. Aliyekariri atamchoma vitamini K mara moja na kumruhusu aende nyumbani. Aliyeelewa anajua sumu nyingi za siku hizi hukaa mwilini wiki kadhaa, kwa hiyo dawa nayo itakwenda wiki kadhaa, na akishaikatisha atapima tena kama damu inaganda.

Mtaniambia dozi zimo vitabuni. Kitabu cha mnyama gani? Kidonge kimoja cha paracetamoli unachomeza wewe ukalala kinaweza kumuua paka, maana ini lake halina vimeng'enya vya kutosha vya kuiondolea makali. Paka si mtu mdogo mwenye mkia. Na tumbusi wa India, walioharibika figo kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, dawa ya maumivu, hadi dawa hiyo ikapigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006? Huo ni mhadhara mwingine. Mwenyekiti ananionyesha saa.

Haraka haraka, basi. Wanaotaka kupunguza saa za maabara ya anatomia na kuweka video: waje kwanza waingize mkono wenyewe, wanitafutie figo ya kushoto ya ng'ombe, iliyosukumwa na tumbo hadi upande wa kulia. La wanyama wa majaribio na la fedha za utafiti nimeyaandika, sitayafikia.

Maswali. Ndiyo, wewe wa nyuma. Na kabla hujauliza: litatoka.