Punguza maua ya mpera upate mapera makubwa

Habari zenu watazamaji, karibuni tena shambani. Leo tuko Ilemela, Mwanza, upepo wa Ziwa Victoria unavuma kidogo, kwa hiyo sauti ikipeperuka mnisamehe. Mvua za vuli zimeshatugusa, na mnaona wenyewe: mpera umechipua kila upande, na machipukizi yote mapya yamebeba maua.

Unapendeza kweli. Na ukipendeza hivi, mkono unakuwa mzito kugusa hata ua moja. Mwaka juzi niliuacha mpera wa kule nyuma ubebe ulivyotaka. Nikapata mapera mengi, madogo kama ndimu, ndani mbegu tupu. Tawi moja likapasuka kwenye panda kabla sijavuna. Sokoni mafungu yangu yalishinda juani mpaka jioni, na jirani yangu aliyepanga mapera manne manne makubwa alikunja turubai lake saa nne asubuhi. Iliniuma sana.

Sababu ni hii. Tunda linalishwa na majani. Majani ya tawi moja ni yale yale, yawe yanalisha midomo kumi au mitatu. Halafu ukubwa wa tunda unapangwa mapema, zile wiki za mwanzo baada ya ua kupukutika. Ukingoja pera lifike ukubwa wa yai ndipo upunguze, utaokoa tawi lisivunjike, lakini ukubwa unakuwa umeshaupoteza kwa sehemu kubwa.

Sasa sogea karibu. Angalia hapa, jani linapoungana na kijiti. Kuna vitumba vitatu: kimoja katikati kimenenepa, na viwili pembeni vimechelewa. Cha katikati kitafunguka kwanza, ndicho tunachokiacha. Hivi viwili vya pembeni naviondoa. Shika kijiti kwa mkono wa kushoto kisitikisike, bana kikonyo cha kitumba kati ya kucha ya kidole gumba na kidole cha shahada, kisha kata. Usivute! Ukivuta, unachuna ganda na unaweza kung'oa na kile ulichotaka kukiacha. Sikia... tk. Kimetoka safi, na kidonda chake ni kidogo kuliko punje ya mtama. Wenye kucha fupi tumieni mkasi mdogo, uwe mkali na umeoshwa.

Fanya hivyo asubuhi, umande ukishakauka. Na maua yakiwa wazi kama haya, meupe yenye nyuzi nyingi katikati, msipige dawa ya wadudu. Hawa nyuki mnaowasikia wapo kazini kwa ajili yetu.

Msimalize kazi yote leo. Maua mengine yatadondoka yenyewe, hasa mvua ikija na upepo mkali, kwa hiyo acha akiba. Rudi baada ya wiki tatu hivi, mapera yakiwa kama gololi. Hapo ndipo unachagua kwa ukali: ondoa lililopinda, lenye doa, lililotobolewa, na lile lililobanana na mwenzake. Kwenye chipukizi moja mimi naacha mawili, likiwa nene sana matatu, na kati ya tunda na tunda paingie kiganja. Chini patajaa vitunda vibichi. Viokote vyote uvifukie.

Mpera uliopandwa mwaka huu, ondoa maua yote. Najua inauma, lakini uache ujenge mizizi na matawi kwanza. Mwembe wa kubebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la mwembe mwingine, vilevile, miaka miwili ya mwanzo kata vishada vya maua. Ukishakomaa, mwembe hudondosha maua yake mengi wenyewe, kwa hiyo wewe subiri vitunda vishike, ndipo uache kimoja au viwili kwa kishada.

Baada ya kupunguza, mpe mti maji. Sisi wa huku ziwani hatuna kisingizio, ndoo mbili tatu jioni mvua ikikatika, na matandazo ya nyasi kuzunguka shina, yasiliguse. Pera likifika ukubwa wa yai, livishe mfuko wa kaki ufunge kwenye kikonyo, maana inzi wa matunda hawakawii kutaga. Plastiki msitumie, jua letu hili litalipika tunda humo ndani. Na kazi ya kuvisha inakuwa nyepesi kwa sababu yamebaki machache.

Hili tawi nililolifunga kitambaa chekundu silipunguzi hata ua moja. Lile lililo jirani yake, linalotazama ziwa, ndilo tulilolipunguza. Baada ya miezi minne au mitano nitaleta mzani hapa hapa, nichume matawi yote mawili mbele yenu, tupime.