Homa ya mapafu ya ng'ombe: yowe linapopigwa kifuani

Baraka: Karibuni tena, wafugaji wenzangu. Dada Nashipai, leo naomba tuanzie pale machinjioni uliponipeleka wiki iliyopita. Lile pafu bado naliona nikifumba macho.

Nashipai: Waeleze wasikilizaji uliona nini.

Baraka: Kifua kilipofunguliwa yalitoka maji ya njano, ndoo ikajaa. Pafu la kulia jepesi, safi kabisa. La kushoto zito kama ini, limegandia mbavuni mpaka mchinjaji akalibandua kwa kisu. Alipolikata, ndani vipande vyekundu na vya kijivu, katikati yake mistari mipana myeupe. Marumaru tupu.

Nashipai: Hiyo ndiyo homa ya mapafu. Sisi Wamasai tunaiita olkipiei, yaani pafu lenyewe. Kinacholeta ni mikoplasma, bakteria isiyo na ukuta wa seli. Lakini yale maji, ile mistari, ule utando uliogandisha pafu, vyote vimetoka kwenye mwili wa ng'ombe mwenyewe.

Baraka: Mwenyewe kivipi?

Nashipai: Mgonjwa akikohoa, mwenzake aliye karibu anavuta kijidudu kwa pumzi. Kinajishikiza kwenye njia ndogo za hewa na kutoa hidrojeni peroksidi, inayounguza seli. Sasa seli za ulinzi zinazokaa mapafuni zinapiga yowe. Yowe lenyewe ni kemikali zinazoitwa saitokini. Unajua kijijini yowe likipigwa usiku: kila jirani anakuja na rungu. Mishipa ya damu inaachia, chembe nyeupe zinamiminika, maji yanavuja pamoja nazo, na fibrini, zile nyuzi zinazogandisha damu. Joto la mwili linapita digrii 40. Sasa fikiria umati ule wote ndani ya chumba kimoja, tena chumba cha kupitishia hewa.

Baraka: Ndiyo maana anasimama viwiko nje, shingo mbele.

Nashipai: Anatafuta nafasi ya kuvuta pumzi. Na akiitoa anaguna, kwa sababu utando wa kifua umevimba na kila mbavu ikisogea inamuuma. Ndama wa chini ya miezi 6 mara nyingi utaona magoti ndiyo yamevimba.

Baraka: Maksai wa baba alianza hivyohivyo. Duka moja la dawa wakatuuzia penisilini. Tulimchoma siku tano, ya sita akafa.

Nashipai: Poleni sana. Penisilini inaua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wake. Huyu hana ukuta, itavuruga nini? Inaniuma kila nikisikia mfugaji ameuzwa hiyo.

Baraka: Na OTC, ile antibiotiki ya oksitetrasaiklini?

Nashipai: Hiyo inamgusa. Homa inashuka, ng'ombe anarudi malishoni, watu wanafurahi. Lakini mwili ukishindwa kumaliza kazi, unakizungushia kile kipande cha pafu kilichokufa ganda gumu. Nimewahi kukata kimoja, ukubwa wa embe, ndani kimekauka kama jibini. Kijidudu kinaweza kukaa humo miezi mingi, kikiwa hai.

Baraka: Wazee walikuwa wanachanja pua, sivyo?

Nashipai: Ndiyo, na walikuwa na akili. Kipande cha pafu la mgonjwa kinapachikwa chini ya ngozi ya pua ya ng'ombe mzima. Pua inavimba vibaya, lakini pua inaweza kubeba uvimbe kuliko pafu. Mwaka 1852 daktari wa Ubelgiji, Louis Willems, alieleza njia kama hiyo kwenye ncha ya mkia. Mikia mingine ilikatika. Chanjo ya sasa, T1/44, mbegu yake, yaani kijidudu chenyewe, ilipatikana hapa hapa, enzi za Tanganyika, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikapitishwa kwenye mayai ya kuku mara 44 mpaka makali yakapungua. Ni mbegu hai, kwa hiyo msichome OTC siku za chanjo, mtaiua. Na irudiwe kila mwaka. Tulishautokomeza ugonjwa huu mwaka 1964, ukarudi 1990 na ng'ombe waliovuka mpaka kaskazini.

Baraka: Dada, baba ana dume aliyekohoa mwezi wa nne, akapona. Jumamosi anampeleka mnadani.

Nashipai: Mpigie leo, kaka. Asitoke bomani. Amwite afisa mifugo achukue damu.

Baraka: Ikionekana safi?

Nashipai: Bado asitoke. Mwenye kile kibonge pafuni damu yake inaweza isionyeshe kitu. Kipimo kile kinasema kweli juu ya kundi kuliko juu ya ng'ombe mmoja. Wapimwe wote, hata ambao hawajawahi kukohoa.

Baraka: Wako arobaini na mmoja.

Nashipai: Wote arobaini na mmoja.