Phurba kutoka Pemba: njia ya Everest na mtu aliyezaliwa Ijumaa

ELIA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mwenzangu amerudi kutoka Nepal wiki tatu sasa, na hajanionyesha hata picha moja ya kambi ya chini ya Everest. Mwanakhamis, habari za safari?

MWANAKHAMIS: Njema, kaka Elia. Picha ya kambi sina kwa sababu sikufika. Kambi iko mita 5,364. Mimi niliishia Lobuche, mita 4,940, nikateremshwa usiku. Leo nataka kumzungumzia aliyeniteremsha.

ELIA: Tuanze naye basi. Anaitwa nani?

MWANAKHAMIS: Jina lake kamili nalihifadhi. La kwanza maana yake ni Ijumaa. Washerpa wengi humpa mtoto jina la siku aliyozaliwa. Dawa ni Jumatatu, Mingma Jumanne, Lhakpa Jumatano, Phurba Alhamisi, Pasang Ijumaa, Pemba Jumamosi, Nima Jumapili.

ELIA: Pemba?

MWANAKHAMIS: Wallahi! Pale uwanja wa ndege wa Lukla akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Pemba. Alicheka mpaka akashika magoti, maana mdogo wake anaitwa hivyo. Nikamweleza kwamba hata kwetu wapo kina Juma na Khamis, na mimi mwenyewe jina langu ni la Alhamisi. Tangu hapo nikawa Phurba didi, yaani dada Phurba, naye kwangu akawa Juma. Namuita hivyo hadi leo.

ELIA: Kuna kitu huwa kinanikera. Watu hutamka "sherpa" kama vile wanasema mpagazi.

MWANAKHAMIS: Na ni kabila la watu! Jina lenyewe ni "watu wa mashariki". Wazee wao walivuka milima kutoka Tibet, karne nyingi zilizopita. Juma ni Msherpa na kazi yake ni kuongoza wageni. Wapagazi wetu wawili, mmoja alikuwa Mrai, mwingine Mtamang, watu wa mabonde ya chini. Tofauti hiyo ni kubwa, Elia. Washerpa wengi wana urithi mwilini unaosaidia damu isizidi kuwa nzito kule juu. Yule kijana wa bondeni hana. Kichwa kinamuuma kama kinavyoniuma mimi, na mzigo anao yeye.

ELIA: Umenikumbusha baba. Alikuwa mgumu njia ya Marangu miaka mingi. Kwa msiosikia neno hilo, wagumu ndio wapagazi wa Kilimanjaro. Siku hizi kuna mizani getini, kilo 20 mwisho. Enzi zake ulibeba ulichopewa. Wale wa Nepal wanabebaje?

MWANAKHAMIS: Kwa utosi na paji la uso. Kikapu kinaitwa doko, na mkanda wake, namlo, unapita kichwani, kwa hiyo shingo ndiyo inayofanya kazi. Mkononi ana fimbo fupi yenye kichwa kama herufi T. Akichoka, hatui mzigo. Anaichomeka fimbo chini ya kikapu, anabaki amesimama, fimbo ndiyo inabeba. Anatoa pumzi kwa mluzi mwembamba, mara nne, mara tano, kisha huyo anaendelea. Nilimwona mmoja amebeba mbao za kujengea, ndefu kuliko yeye, anapita kwenye daraja la kamba za chuma kiubavuubavu.

ELIA: Kama mama wa Kikuyu na mzigo wa kuni.

MWANAKHAMIS: Mkanda ni ule ule kabisa.

ELIA: Na mwendo je? Kwetu wimbo ni pole pole.

MWANAKHAMIS: Kwao ni bistari, bistari. Maana ile ile! Juma alikuwa akitangulia, anaweka mguu kama mtu anayepita kwenye chumba alicholala mtoto. Namche Bazaar, mita 3,440, tulilala usiku mbili. Siku ya kati akatupandisha juu ya mji, kisha akaturudisha kulala chini. Mwili unahitaji muda. Watu hudhani oksijeni imeisha huko juu, kumbe sehemu yake katika hewa ni ile ile. Kinachoshuka ni mkandamizo wa hewa. Kambini ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi unayovuta ni kama nusu pumzi.

ELIA: Sheria nyingine alizokupa?

MWANAKHAMIS: Yak, wale ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu, wakija, simama upande wa mlima, usisimame upande wa bonde, wasije wakakusukuma. Na mawe yaliyochongwa sala, yapite yakiwa kulia kwako. Hiyo ya pili hakuniamrisha. Aliipita hivyo, nami nikamfuata. Ni heshima tu, kama unavyovua viatu kwa watu.

ELIA: Ulipita Thukla?

MWANAKHAMIS: Nilipita. Unapanda kilima kikali, ukifika juu unakuta minara ya mawe na bendera za sala zimechakaa kwa upepo. Ni kumbukumbu za waliokufa Everest. Wageni wapo, Washerpa wapo. Juma alisimama penye mnara mmoja, akagusa jiwe, hakusema kitu. Mimi nikawaza Aprili 18, 2014, wafanyakazi 16 wa Kinepali walipokufa siku moja barafu ilipoporomoka juu ya kambi. Walikuwa wakitengeneza njia ya wateja.

ELIA: Na Mei 2024, Cheruiyot Kirui wa Kenya. Afrika Mashariki nzima ilimlilia, na ilistahili. Lakini alikuwa na mwongozaji, Nawang Sherpa, naye hakurudi. Nilisoma maandiko mengi siku zile, jina la Nawang nikalikuta mara chache mno.

MWANAKHAMIS: Lisemwe hapa basi. Nawang Sherpa.

ELIA: Lobuche kulitokea nini?

MWANAKHAMIS: Kichwa kilinianza Dingboche, kijiji kilicho chini ya Lobuche. Nikameza panadoli kimyakimya. Nilikuwa nimeweka akiba miaka minne, Elia, nikajiambia zimebaki siku mbili. Usiku ule Lobuche, tumekaa kuzunguka jiko linalowaka mavi makavu ya yak, Juma akaangalia sahani yangu. Wali na dengu viko vile vile. Akaniambia, Phurba didi, twende nje kidogo. Akavuta mstari kwenye vumbi kwa fimbo, akanimulika tochi: tembea hapo juu, kisigino mbele ya kidole. Hatua ya tatu nikaenda pembeni. Nikajaribu tena, nikaenda pembeni.

ELIA: Ubongo umeanza kuvimba.

MWANAKHAMIS: Ndiyo. Nikamsihi tusubiri asubuhi. Akasema asubuhi utashindwa kutembea, sasa hivi unaweza. Tukashuka na tochi, kanishika mkanda wa begi kwa nyuma muda wote, karibu mita 600 hadi Pheriche. Kuna zahanati ya Shirika la Uokoaji la Himalaya, iko kijijini pale tangu 1973. Daktari akanipima oksijeni ya damu kwenye kidole, akaniwekea oksijeni. Juma alikaa kwenye benchi mpaka kulipokucha, viatu hakuvua.

ELIA: Na wenzako?

MWANAKHAMIS: Waliendelea na msaidizi wake, wakafika. Mmoja wao aliporudi alilalamika kwamba kiongozi amewaacha kwa ajili ya mtu mmoja. Iliniuma sana.

ELIA: Baba alirudisha watu wengi sana kutoka Kibo. Kuna waliomnyima hata bakshishi. Alikuwa akifika nyumbani anasema tu, "Leo nimemshusha mtu, mzima."

MWANAKHAMIS: Mzee huyo namwelewa sasa.

ELIA: Mliagana vipi?

MWANAKHAMIS: Lukla, alfajiri. Uwanja ule una mita 527 tu, na umeinama kuelekea korongoni. Akanivika skafu nyeupe shingoni, kama desturi yao. Akaniambia, bistari, Phurba didi. Nikapanda, nikapata kiti cha dirishani. Ndege iliyotutangulia ilikuwa imeshateremsha wageni wapya. Nilipoangalia nje, Juma alikuwa anamfungia mmoja wao kamba za viatu.