Neno Refu la Kiholanzi Huanzwa Mkiani

Nimeshalisema mara nyingi na leo nalirudia: usilitamke neno la Kiholanzi kabla hujalichambua. Tazameni ubaoni: arbeidsongeschiktheidsverzekering. Herufi 33, silabi 10. Watu huvuta pumzi, wakaanza na ar-, na katikati wakakwama, kwa kuwa wanafukuzana na herufi.

Anzieni mkiani. Verzekering ni bima, na bima ndiyo kiini. Vyote vilivyotangulia vinaeleza ni bima ya nini. Sisi kiini tunakitanguliza: katika kiinuamgongo, kiinua ndicho kinachotawala, ndiyo maana tunasema kiinuamgongo changu. Mholanzi hutawaza neno la mwisho, na hata wingi anauweka huko huko: -verzekeringen.

Sasa rudini kushoto. Geschikt ni mwenye kufaa, ongeschikt asiyefaa, ongeschiktheid hali ya kutofaa. Arbeid ni kazi. Basi ni bima ya kutoweza kufanya kazi. Zinabaki s mbili. Hazina maana, ni gundi, na gundi hiyo hukaa na neno la kushoto: ar-beids-on-ge-schikt-heids-ver-ze-ke-ring. Si ar-beid-son, jamani!

Mtu ataniambia kwamba mdomoni s inateleza na kuiangukia o. Ni kweli, mtu akisema kwa kasi. Lakini katika maandishi hatukati kwa mdomo, tunakata kwa maana. Anayebisha achukue valkuil. Val-kuil ni shimo la mtego. Ukikata valk-uil, umepata kozi na bundi, kwa herufi zile zile! Tena Waholanzi wenyewe ni mashahidi. Sheria ya bima hii ya mwaka 1966 waliifupisha WAO: W ya wet, yaani sheria, A ya arbeid, O ya ongeschiktheid. Bima ya aliyejiajiri wanaiita AOV. O imesimama mlangoni mwa neno lake, na s imebaki kwa jirani.

Matamshi sasa. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Hapa silabi hiyo ni ke, na irabu yake ni hafifu, haibebi mkazo kamwe. Semeni ver-ZE-ke-ring. Irabu za ge na ver nazo ni hafifu. Katika beids na heids, d husikika t. Na v inayofuata s husikika f: heits-fer. Sch ni s, halafu kh ya Khamis kwa anayeitoa kooni. Msipachike irabu mkasema "sikikiti". On-ge si nge yule mdudu: n na g ziko silabi mbili, na g hiyo pia ni ya kooni. Ng ya mwisho ndiyo sauti moja, ile ya ng'ombe.

Kuna gundi nyingine, -en-, kama katika pannenkoek, yaani chapati ya maji, iliyoandikwa pannekoek hadi mageuzi ya tahajia ya 1995. Ina kanuni zake, na muda hautoshi.

Chukueni kalamu, pigeni mistari miwili: arbeids | ongeschiktheids | verzekering. Tamkeni kipande cha mwisho mara tatu, kisha viwili vya mwisho pamoja, kisha neno zima. Haya, wote: verzekering.