Darasa la watu wazima sinagogini: kutoka alef hadi gombo la Torati

REHEMA: Karibuni tena kipindini. Leo tunaingia darasani, na darasa lenyewe liko sinagogini: watu wa miaka thelathini, hamsini, hata themanini, wanaojifunza dini waliyozaliwa nayo au dini wanayofikiria kuingia. Kaka Daudi, nianze na swali ambalo wengi huona haya kuliuliza. Mtu mzima asiyejua hata herufi moja ya Kiebrania aanzie wapi?

DAUDI: Aanze na herufi, ila asikae nazo mwaka mzima. Ziko 22, na tano kati yake hubadili umbo zikiwa mwisho wa neno: kaf, mem, nun, pe na tsadi. Akiingia darasani mara moja kwa wiki kwa saa moja na nusu, na nyumbani akasoma robo saa kila siku, baada ya wiki kumi hivi atakuwa anasoma polepole kwa sauti. Nimesema kusoma, sikusema kuelewa. Kuelewa kunachukua miaka, na darasa linaloahidi vyote viwili kwa pamoja linawakimbiza watu.

REHEMA: Na yule aliyepita madrasa utotoni?

DAUDI: Huyo ana mtaji. Macho yake yameshazoea kutoka kulia kwenda kushoto, ameshazoea irabu kuwa alama ndogo juu na chini ya herufi, na koo lake halishtuki likikutana na sauti ya khet. Tena herufi za Kiebrania haziungani, kwa hiyo hapo anapumzika.

REHEMA: Wanapokwama, wanakwamia wapi hasa?

DAUDI: Kwenye mapacha. Bet na kaf, he na khet, samekh na mem ya mwisho. Halafu dalet na resh, ambazo ndizo zinazoumiza zaidi: ד na ר. Tofauti yao ni kona ya juu kulia. Dalet ina kona kali iliyochomoza nyuma kidogo, resh imepinda kwa mviringo. Sasa fungua gombo la Torati, Kumbukumbu la Torati 6:4, ule mstari wa Shema, tamko la imani la Kiyahudi, unaosema Mungu ni mmoja. Neno la mwisho ni ekhad, "mmoja", na dalet yake huandikwa kubwa kuliko herufi nyingine. Ukiikosea ukasoma resh, unapata herufi za akher, "mwingine", na umeshakufuru bila kujua. Upande wa pili, Kutoka 34:14, panapokatazwa kusujudu mungu mwingine, resh ndiyo iliyokuzwa. Waandishi wa magombo walikuwa na hofu ileile ya mwanafunzi wa wiki ya tatu.

REHEMA: Kwa hiyo mwalimu afanyeje?

DAUDI: Asifundishe mapacha siku moja. Ukifundisha kwa mpangilio wa alfabeti, kaf inafika mtu hajamaliza kuizoea bet. Ni afadhali uchukue maneno ya sala ambazo watu wanazisikia kila wiki, uzitoe herufi humo, na pacha wa pili umlete baada ya wiki mbili. Jambo la pili ni kufunika zile herufi za Kilatini zinazochapwa chini ya sala. Kipande cha karatasi kinatosha. Bila hivyo jicho linashuka chini lenyewe, na mtu anaweza kuhudhuria miaka mitano akiwa bado hajui aya moja ya Kiebrania.

REHEMA: Hapo naongeza la kwangu: darasa la herufi liwekwe jioni ya siku ya kazi. Kwenye masinagogi ya Kiorthodoksi hakuna kuandika wala kugusa simu siku ya Sabato, tangu jua kuzama Ijumaa hadi nyota zitoke Jumamosi, na bila kuandika herufi huzishiki. Asubuhi ya Sabato inafaa zaidi kwa kusoma Torati pamoja, kwa kuwa hapo kinachohitajika ni vitabu na midomo.

DAUDI: Na chai.

REHEMA: Na chai, lakini mbali na vitabu, tafadhali. Sasa tuseme juu ya hilo somo la Sabato. Torati imegawanywa sehemu 54, husomwa yote kwa mwaka mmoja, na nyingine huunganishwa mbilimbili mwaka ukiwa mfupi. Kiongozi mgeni hutaka kupitia sehemu nzima ndani ya saa moja. Haiwezekani. Sehemu iitwayo Naso, kwenye kitabu cha Hesabu, ina aya 176. Chagua aya nane hadi kumi, basi. Weka tafsiri mbili tofauti mezani, mtu mmoja asome kwa sauti, kisha uliza: ni neno gani hapa lisilokaa sawa? Tafsiri mbili zikipishana, ujue mara nyingi Kiebrania chenyewe kina kigugumizi mahali hapo.

DAUDI: Ndipo unamleta Rashi.

REHEMA: Ndipo, siyo kabla. Rashi, mfafanuzi wa Torati, aliishi Troyes, Ufaransa, 1040 hadi 1105, na maelezo yake ni mafupi mno. Anatoa jibu, lakini swali halitaji. Wanafunzi wakisoma jibu kabla ya kuhangaika na aya, watalinakili na kulisahau. Wakishajikwaa wenyewe, watamwona Rashi amejikwaa jiwe hilohilo.

DAUDI: Hapo ndipo penye roho ya jambo hili. Darasa la watu wazima huharibika likigeuka mhadhara. Mtu mzima amezoea mikutano, anajua kuitikia kwa kichwa huku akili iko sokoni. Njia ya Kiyahudi ni havruta: watu wawili, andiko moja, kusoma kwa sauti. Wape dakika 20 hadi 25, wasome sentensi moja, wasimame, kila mmoja aieleze kwa maneno yake, kisha wabishane.

REHEMA: Kubishana huku kuna adabu yake, tusije tukaeleweka vibaya. Unapinga hoja ukiwa umeshika andiko, na huendi sentensi ya pili kabla mwenzako hajakubali kwamba umemwelewa. Kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kumpanga anayejua sana na asiyejua kabisa: mmoja anahubiri, mwingine anatikisa kichwa. Wapange wanaokaribiana. Ya pili ni mwalimu anayezunguka kati ya meza akijibu kila kitu. Akae kimya hadi aitwe.

DAUDI: Na andiko liwe fupi. Mimi ningeanza na Mishna ya Berakhot, sura ya kwanza. Mishna ni mkusanyo wa sheria uliokamilishwa karibu mwaka 200, na hiyo ndiyo sura inayoufungua. Swali la kwanza: Shema ya jioni isomwe kuanzia saa ngapi? Swali la pili: ya asubuhi je? Mistari michache tu, majibu tofauti. Juu ya asubuhi, kuanza ni pale unapoweza kutofautisha uzi wa buluu na mweupe. Rabi Eliezer anasema hapana, ni buluu na kijani cha liki, ile mboga ya jamii ya kitunguu, ambacho ni kigumu zaidi kukipambanua. Na mwisho wake, Rabi Yoshua anasema, ni saa tatu, kwa sababu watoto wa wafalme huamka saa tatu.

REHEMA: Na hapa msikilizaji wetu yuko mbele ya darasa zima la Chicago au London!

DAUDI: Kabisa. Huko mwalimu anatumia robo saa kueleza kwamba siku inaanza jioni, na kwamba saa huhesabiwa tangu kuchomoza jua. Mswahili anajua hivyo tangu utotoni. Saa tatu ni saa tatu. Aliyekuzwa na hesabu ya kwamba usiku hutangulia mchana wake haoni ajabu Mishna ikianza na Shema ya jioni.

REHEMA: Lakini asijiamini sana, kaka. Saa za Mishna huvutika. Unachukua mchana wote, unaugawa mara 12, na kila fungu ni saa moja. Karibu na ikweta hutaona tofauti, kwani Nairobi au Mombasa saa hiyo ni dakika sitini na kitu mwaka mzima. London mwezi wa Juni mchana una saa 16 na dakika 38, kwa hiyo "saa" moja ni dakika 83. Desemba inashuka hadi dakika 39 hivi. Ukihesabu kutoka kuchomoza jua, saa tatu ya Rabi Yoshua kiangazi inaisha kabla kidogo ya saa tatu ya saa ya ukutani, na baridi inafika saa nne asubuhi.

DAUDI: Na kuna wanaohesabu tangu alfajiri badala ya kuchomoza jua, ndiyo maana kalenda za sinagogi huchapa nyakati mbili kwenye safu mbili. Zoezi zuri: wape wanafunzi muda wa jua wa mji wao, wakokotoe wenyewe. Hilo halisahauliki.

REHEMA: Wanaotaka kuendelea na Talmudi, yaani Mishna pamoja na mjadala mrefu juu yake, wanakutana na ukurasa unaotisha. Toleo lililozoeleka linafuata chapa ya Vilna ya karne ya 19. Katikati ni Mishna na mjadala wake, upande wa mshono wa kitabu ni Rashi, upande wa nje ni Tosafot, maelezo ya wanazuoni waliomfuata Rashi. Hakuna irabu wala alama za vituo, na lugha kubwa ni Kiaramu. Kila kitabu kinaanzia ukurasa wa pili, na kila mwanafunzi mpya huuliza wa kwanza umechanwa na nani.

DAUDI: Ni jalada la ndani, hesabu inaanzia hapo. Kwa wenye haraka kuna mpango wa ukurasa mmoja kwa siku, uliopendekezwa na Rabi Meir Shapiro na kuanza 1923: kurasa 2,711, pande mbili kila moja, miaka saba na miezi mitano. Mimi simshauri anayeanza. Ukikosa siku nne umezama. Miezi mitatu kwenye kurasa mbili pamoja na mwenzako inakufaa zaidi.

REHEMA: Na pasipo na rabi?

DAUDI: Havruta haihitaji rabi kila wiki. Uganda, Semei Kakungulu na watu wake walishika Uyahudi 1919 wakiwa na Biblia tu mkononi, na jumuiya hiyo ya Abayudaya karibu na Mbale ipo hadi leo. Gershom Sizomu wa jumuiya hiyo alifuzu urabi Los Angeles 2008, akarudi kufundisha. Ila nitoe angalizo: kuhudhuria darasa hakumfanyi mtu Myahudi. Kuongoka kunahitaji baraza la watu watatu na kuzamishwa kwenye mikve, yaani bwawa la utakaso, na mwanamume atahiriwe. Marabi wengi hutaka mwanafunzi apitie mwaka mzima wa sikukuu kwanza.

REHEMA: Tumalizie na wale wanaotaka kusoma gombo lenyewe mbele ya watu. Sheria inamfanya mtu kuwa bar mitzva, yaani mwenye kuwajibika kwa amri za dini, kwa umri tu, mvulana akifika 13, sherehe iwepo isiwepo. Watu wazima wengi hawakuipata nafasi hiyo, hasa wanawake, na masinagogi mengi ya Marekani yana darasa la miaka miwili hivi la kundi zima. Sabato asubuhi huitwa watu saba, na kila fungu haliwi chini ya aya tatu. Kundi la watu saba linakaa hapo kama limepimwa.

DAUDI: Aya tatu zinaonekana kidogo. Gombo halina irabu, halina namba za aya, halina alama za lahani. Vyote viko kichwani. Kitabu cha mazoezi kinaitwa tikun: safu moja ina alama zote, ya pili iko kama gombo lilivyo. Soma ya kwanza mara tatu, hamia ya pili, ukikwama rudi. Anza wiki nane kabla. Kosa la kawaida ni kujifunzia kwenye rekodi peke yake. Mtu anaijua nyimbo yote, lakini ukimweka mbele ya gombo hajui aelekeze kijiti wapi, na akipotea hana pa kudakia.

REHEMA: Kijiti hicho ni yad, kwa kuwa ngozi haiguswi kwa kidole. Na atakuwepo msimamizi pembeni: ukibadilisha maana ya neno atakurudisha, ukikosea lahani tu atakuacha uendelee. Usisimame kuomba radhi, rudia neno, songa. Ukimaliza sema baraka ya pili, kisha ubaki mezani hadi anayekufuata amalize fungu lake.

DAUDI: Na karatasi za mazoezi zenye jina la Mungu kwa Kiebrania usizitupe kwenye taka. Muulize karani sanduku la geniza, la kuwekea maandiko matakatifu yaliyochakaa, liko wapi; masinagogi mengi yanalo. Au chapa he na alama ndogo badala ya jina kamili, usumbufu uishie hapo.