Dada akiumwa: mazungumzo na familia zenye mlezi wa mtoto nyumbani

Habari zenu jamani, asanteni kwa kuja, naona wengine mmekuja na watoto kabisa, wakilia msiwatoe nje, mada yenyewe ni yao.

Leo ni siku ambazo dada anayekulelea mtoto anaumwa, na naanza na hela kwa sababu nikikaa na wazazi hapo ndo wanapopazunguka mpaka mwisho. Familia nyingi zinakata, hukuja hulipwi, wanaona ndo haki yenyewe. Sasa mwangalie dada. Saa kumi na moja alfajiri kaamka mwili unachemka, tumbo limemsumbua usiku kucha, akilala leo mshahara unapungua na kuna watu kwao wanausubiri huo huo. Atafanyaje? Atameza dawa ya maumivu, atanawa uso, ataingia jikoni achemshe chupa za mtoto, na ukimuuliza mbona macho mekundu atakwambia sijalala vizuri tu, na wewe unaondoka zako kazini una amani. Yaani ile hela uliyookoa ndo imemfanya mgonjwa ambebe mwanao siku nzima. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, siku ya kuumwa ilipwe kamili, na dada alijue hilo siku anayoanza kazi, sio siku ameshaanguka.

Na hili sijalitunga mimi. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha Mkataba namba 189 wa wafanyakazi wa nyumbani mwaka 2011, ukaanza kutumika 2013, na Pendekezo namba 201 linaloambatana nao linasema likizo ya ugonjwa iwemo kwenye masharti ya kazi. Humo humo wamesema mfanyakazi wa nyumbani asilazimishwe kupima VVU wala mimba, wala asilazimishwe kusema hali yake. Hapa nakazia kabisa maana wapo wanaosema nenda kapime kila kitu uniletee majibu. Hapana! Cha kwako kujua ni kama anaweza kazi na kama anachoumwa kinaweza kumpata mtoto, basi, mengine ni ya kwake na daktari wake. Sheria ya nchi unayoishi iangalie nayo, siku zinatofautiana, ila hakuna sheria inayokukataza kutoa zaidi.

Halafu tuambiane ukweli, mara nyingi ugonjwa wenyewe kautoa kwa mtoto. Mtoto mdogo kupata mafua mara 6 mpaka 8 kwa mwaka ni kawaida kabisa, na anayemfuta kamasi ni nani? Anayekoholewa usoni ni nani? Mgongo nao, mtoto wa kilo kumi na kitu ananyanyuliwa siku nzima, mgongo ukigoma hiyo ni kazi yako imemuumiza. Kutapika na kuhara ndo usilete mchezo kabisa, asimshike mtoto wala asipike mpaka zipite saa 48 tangu mara ya mwisho, hata kama anajisikia mzima, maana virusi kama norovirus vinakuwa bado vinatoka, na ile jeli ya mikononi haivimalizi vizuri, inatakiwa sabuni na maji.

Anayelala kwako ndo ana mtihani mkubwa. Wa kwenda na kurudi akiumwa anabaki kwake, huyu anaumwa ndani ya ofisi. Unamwambia pumzika, nusu saa haijaisha mtoto anagonga mlango anamwita, saa nne unapiga simu, dada hebu niangalizie sufuria, mchana eti zile nguo chache tu usifue zote. Huko sio kupumzika. Akiumwa mtoto akae mbali na chumba chake, apelekewe maji na chakula, kuwe na mtu wa kumchungulia, na kama ana homa kali msimpakie kwenye basi aende kwao akauguzwe huko ili nyie mpumue, mpelekeni hospitali kwanza.

Naona mkono pale nyuma, najua swali, na kazini kwangu je? Ni swali la haki kabisa. Jibu ni kwamba huyo mtu wa kushika zamu mnamtafuta sasa hivi wakati dada mzima, shangazi, jirani, mama mwenye mtoto wa umri huo huo, mtoto amzoee, ajue dawa ziko wapi na anachokula. Akilipwa asilipwe kutoka kwenye mshahara wa dada. Na wazazi mkiwa wawili mnapokezana, sio kila mara mama ndo aombe ruhusa kazini, baba naye ana bosi anayeweza kupigiwa simu. Kuhusu taarifa, mwambie atume meseji mara tu anapohisi vibaya, hata usiku, na ikija jibu lako la kwanza liwe pole, pumzika, leo unalipwa. Ukianza na "leo tena?" safari ijayo hatakwambia.

Cheti cha daktari kwa siku moja ya mafua mimi sioni maana yake, ikifika siku tatu nne sawa, na gharama ya kwenda kukichukua ni yako. Akiumwa kila Jumatatu usianze upelelezi, kaa naye muulize kazi inamchosha wapi, Jumapili analala saa ngapi, maana wengine offu yao mnaijaza wageni. Na ikiwa ni ugonjwa mrefu, wiki kwa wiki, mwambieni mapema mtamlipa mpaka lini na lini mtakaa tena kuongea, awe na tarehe mkononi, na mkiajiri mwingine wa muda huyo mpya aambiwe ni wa muda, na dada aambiwe na nyinyi wenyewe kabla hajasikia kwa mtoto kwenye simu.